Chai Rahisi ya Papa Direkta

Siku niliyoaga kazi, mwalimu kijana anayechukua darasa langu aliniuliza ni sura gani ya historia iliyonitoa jasho kuliko zote. Alidhani nitataja vita kuu za dunia, au ubaguzi wa rangi wa nchi hii, mambo ambayo watu wazima hulia nayo darasani. Nikamwambia ni ile ya Wamarekani kujitoa chini ya utawala wa Waingereza. Akacheka. Basi ninaandika haya kwa ajili yake na wenzake, ili wakiifungua sura hiyo wasicheke mapema. Vyeo sitavitaja kwa kuwa havikuwa vingi, na mshahara sitautaja kwa kuwa sipendi kuwafukuza wanaoanza.

Niliingia Durban mwishoni mwa miaka ya tisini, nikimfuata mume wangu aliyekuwa fundi wa matairi Pinetown. Tanga nilikuwa mwalimu wa sekondari, watu wanasimama nikipita. Durban nilikuwa mke wa fundi matairi, na hakuna aliyesimama isipokuwa kwenye robot ya njia panda, nako walisimama kwa sababu ya taa nyekundu. Nilikaa nyumbani nikipika na kusahihisha Kiingereza cha watangazaji wa redio, mpaka jirani yetu mmoja Mkongo akaniambia kuna shule ya watu wazima Overport inatafuta mwalimu wa historia. Walitaka mtu mwenye Kiingereza cha mtihani na Kiswahili cha kuelezea Kiingereza hicho. Nilikuwa navyo vyote viwili, na zaidi ya hapo nilikuwa nimechoka na redio.

Shule ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ngazi zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka walilazimika kujuana. Ubao wa darasa langu ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa rangi nyeusi. Kitasa walikiacha, sijui kwa nini, na kila nilipofuta kwa haraka kilinigonga vidole. Wanafunzi walikuwa Wakongo wanaosuka nywele na kuendesha vibanda vya simu, Watanzania wachache wenye biashara zisizoelezeka vizuri, na wenyeji waliorudi kufanya mtihani wa matric, ule wa kumaliza sekondari, ambao maisha yaliwanyang'anya wakiwa vijana.

Siku yangu ya kwanza, kabla sijamaliza kuandika jina langu, mwanamume mmoja mwenye mvi alinyoosha mkono. Huyu alikuwa Papa Ilunga. Kwao Lubumbashi aliwahi kuendesha treni; Durban alikuwa analinda magari ya watu kwenye maegesho, amevaa fulana ya rangi ya machungwa, na alikuja darasani nayo ili asipoteze muda wa kubadilisha.

“Madame,” akasema, “hii historia iko na faida gani kwa mutu ya kulinda magari?”

Nilimjibu kwamba itamsaidia kujua gari liliibwa na nani hata kama yeye hakuwa zamu. Darasa likacheka, naye akaandika jibu langu kwenye daftari. Tangu hapo tukawa marafiki. Vijana wangu, somo la kwanza la kazi hii ni hilo: mwanafunzi mzima hakupimi kwa shahada yako. Anakupima kwa swali la kwanza, na hakupi muda wa kujiandaa.

Aliyenifundisha kazi upya ni Mzee Naidoo, mwalimu wa zamani aliyestaafu mara mbili na kurudi mara mbili kwa sababu mkewe alimkataza kukaa nyumbani. Chini ya serikali ya zamani alikuwa amefundisha historia iliyoagizwa kwa sauti kubwa, na historia iliyotokea kwa sauti ndogo, na koo lake lilikuwa limeharibika kwa kazi zote mbili. Alinipa mpini wa ufagio wa kuonyeshea ramani. Alinifundisha kusoma kitabu cha kiada kuanzia mwisho, kwa sababu waandishi huwa wamechoka kudanganya wanapofika huko. Na tulipoikaribia sura ya Wamarekani alinishika mkono kwenye ngazi akanionya: usianze na chai. Kila mtu huanza na chai iliyomwagwa baharini, alisema, na mwanafunzi akishaionja chai hasikii kingine. Anza na vita, kisha deni la vita, kisha ardhi. Chai iache ipoe.

Nilifanya hivyo. Niliwaeleza kwamba Waingereza na Wafaransa walipigana Amerika, Waingereza wakashinda, kisha wakarudi nyumbani na kukuta hazina tupu. Mfalme na bunge lake wakaona ni haki walowezi wachangie gharama za vita iliyopiganwa mlangoni kwao. Ukiwa umekaa London, hoja hiyo haina tatizo. Tatizo ni kwamba walowezi walikuwa wamezoea kujipangia kodi kwenye mabaraza yao wenyewe, na kwenye bunge la London hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Wakaletewa kodi ya stempu kwenye karatasi: magazeti, mikataba, hata karata za kuchezea. Papa Ilunga, mpenzi mkubwa wa karata, aliweka kalamu chini. Akasema mpaka hapo alikuwa upande wa mfalme, ila sasa basi.

Kisha nikafika kwenye ardhi. Nilieleza kwamba baada ya vita mfalme aliwakataza walowezi kuvuka milima kwenda magharibi, na jambo hilo liliwaudhi sana kwa sababu walishaimezea mate ile ardhi. Hapo akanyoosha mkono Thandeka. Thandeka alikuwa dada wa Pinetown aliyesuka nywele kwenye saluni ya Wakongo kwa miaka, mpaka akaokota Kiswahili chao pamoja na vifundo vyao. Aliniuliza huko magharibi kulikuwa na nani. Nikamwambia kulikuwa na wenyeji, Wahindi Wekundu kama kitabu kilivyowaita, mataifa mengi yenye majina yao. Akauliza kama nao waliulizwa kuhusu kodi. Nikasema hapana. Na watumwa waliokuwa kwenye mashamba ya hao wapenda uhuru, waliulizwa? Nikasema hapana. Akaandika kitu kifupi kwenye daftari lake, akapiga mstari chini.

“Sharp,” akasema, kwa maana ya sawa. “Endelea, Madame. Nilitaka tu kujua hii ni habari ya nani.”

Mzee Naidoo alikuwa ameketi nyuma siku hiyo kunikagua. Baadaye aliniambia kwamba yeye swali hilo alilisubiri miaka yote aliyofundisha, na kwamba ana wivu.

Sasa nimlete mwenye shule. Tulimwita Papa Direkta. Alikuwa Mkongo mwenye suti na sauti ya redio, mkarimu, mwenye haraka, na aliishi Queensburgh, kwenye nyumba yenye bustani ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuiona. Alitutawala kwa simu ya mkononi, chombo kilichokuwa kigeni bado siku zile, na nadhani alipiga mara nyingine ili tu asikie inaita. Mara tuko katikati ya somo, simu ya ofisini inalia, na karani anapita darasa kwa darasa kutangaza kwamba kuanzia kesho mapumziko yamehamishwa, au madirisha ya mashariki yasifunguliwe. Sababu hazikuja na simu. Lazima nimpe haki yake: shule ilikuwa jasho lake, na waliokosa ada aliwavumilia kuliko benki yoyote. Tena kila sherehe alisimulia jinsi alivyofukuzwa chuo huko kwao alipokuwa kijana, kwa sababu aliandamana kudai wanafunzi wasikilizwe kuhusu chakula cha bweni. Juu ya jicho alikuwa na kovu la siku hiyo. Alilionyesha kila mara, hata kwa wageni wa kike.

Chini ya dirisha la darasa langu alikaa mwanafunzi mwingine, Mama Furaha, mjane wa Bukavu mwenye watoto wanne. Alikuja na chupa mbili kubwa za chai kwenye mfuko, na wakati wa mapumziko aliwauzia wenzake pale kwenye korido. Chai yake ilikuwa kali, yenye tangawizi ya kukufumbua macho, na maziwa yaliyopita karibu tu bila kuingia. Lakini ndiyo iliyomlipia masomo, na wote tulijua hivyo, kwa hiyo tuliinywa.

Muhula wa pili, tukiwa tumekaribia kipande cha chai kwenye sura yetu, karani akapita na tangazo. Kuanzia Jumatatu kutakuwa na kibanda cha chai cha shule, kitaendeshwa na shemeji wa Papa Direkta, na chupa za chai kutoka nje ni marufuku ndani ya jengo. Wanafunzi walinung'unika kidogo, wakaamua kungoja waone.

Jumatatu wakaona. Chai ya shemeji ilikuwa tamu. Ilikuwa na maziwa ya kutosha, iliki, na ilikuwa rahisi kuliko ya Mama Furaha. Hata mimi niliinusa nikaona aibu kwa jinsi pua yangu ilivyofurahi. Mama Furaha alikaa kwenye kiti chake mapumziko yote, mfuko mtupu magotini. Papa Ilunga alikwenda mpaka kwenye kibanda, akatazama sufuria kwa heshima zote, akarudi mikono mitupu. Wengine wakamfuata kurudi. Kufikia Jumatano shemeji alikuwa anamwaga chai iliyobaki kwenye sinki, na harufu ya iliki ikajaa darasani kama matusi.

Niliwauliza kwa nini wanajitesa. Papa Ilunga alinijibu kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto.

“Ile chai iko muzuri sana, Madame. Iko na maziwa mingi. Shida si chai. Shida ni yeye hakutuuliza.”

Hapo nikaketi, kwa sababu nilijua kilichomo kwenye ukurasa unaofuata. Vijana, wengi wenu mnafundisha kwamba Wamarekani walimwaga chai kwa sababu ilikuwa ghali. Si kweli. Bunge la London lilikuwa limeiruhusu kampuni yake kubwa ya chai iwauzie walowezi moja kwa moja, na chai hiyo ikashuka bei kuliko hata ile ya magendo. Walioumia kwanza ni wafanyabiashara wa hapo na wauza magendo, ambao walipiga kelele ya uhuru kwa sababu za moyo na za mfuko. Lakini watu wa kawaida nao walikataa chai rahisi, kwa sababu ndani yake ilibaki kodi ndogo ambayo hawakuikubali, na kuinywa ilikuwa kukubali kwamba mtu wa mbali anaweza kukupangia atakavyo, ilimradi akutilie sukari. Mimi sikuwa nimewafundisha hilo bado. Walilifikia wenyewe, kupitia tumbo.

Papa Direkta hakuamini kwamba walilifikia wenyewe. Alikuja kutoka Queensburgh akaniita ofisini. Alikuwa ameambiwa kwamba darasa la historia linagoma, na alikuwa amefungua kitabu cha kiada mezani, kwenye sura yenyewe. Alinitaka nifanye mambo mawili. Kwanza, niiruke hiyo sehemu ya chai. Pili, nimtajie kiongozi wa mgomo, ambaye yeye alidhani ni Mama Furaha. Nilimwambia sijui kiongozi, na hiyo ilikuwa kweli. Ukitazama vizuri kiongozi alikuwa tangawizi. Akapangapanga kalamu zake. Kisha akanikumbusha, bila kupandisha sauti, kwamba kibali changu cha kazi kinahitaji sahihi yake kila mwaka, na mwaka ulikuwa unakaribia kwisha.

Msidhani nilisimama nikatoa hotuba. Nilirudi nyumbani Pinetown kwa taxi nikiwa nimeshika mkoba kama mtoto mchanga. Mume wangu hakuwa na karatasi za kueleweka. Tuliishi kwa kibali changu. Nilimsimulia wakati anaosha mikono kwa sabuni ya unga. Alifikiri kidogo, akasema kwamba yeye akiambiwa afunge gurudumu na kuacha nati moja, gari litatembea, ila hatalala. Akaniuliza mtihani wa mwisho unauliza nati ipi. Nilimwambia mtihani huwa unauliza chai karibu kila mara. “Basi,” akasema, “kazi yako ni kufunga zote.” Kisha akaomba chakula, kwa sababu kwake mazungumzo yalikuwa yameisha.

Asubuhi nilimwendea Mzee Naidoo. Yeye alinipa ujanja badala ya ujasiri, kitu ambacho mwalimu anakihitaji zaidi. Alisema nifundishe sehemu hiyo nikiwa upande wa mfalme. Nimtetee kwa nguvu zangu zote, kwa sababu mfalme naye alikuwa na hoja, na mwanafunzi asiyeijua hoja ya mfalme hajui kwa nini wenzake walimkataa. Na nimkaribishe Papa Direkta aje asikilize. Nilimtumia ujumbe kwa karani. Alikubali upesi, nadhani alifurahi kuona nimepata akili.

Alikuja na kiti chake mwenyewe, chenye mto, akakaa pembeni karibu na mlango. Nilianza. Nikasema: tazameni gharama ambazo Uingereza ilibeba. Tazameni jeshi lililowalinda walowezi. Nikasema Waingereza wengi huko kwao hawakuwa na kura pia, na walilipa kodi bila kuvunja sahani. Kodi ya stempu ilifutwa walipolalamika; mfalme gani mwingine angewafutia? Ushuru wa vioo na rangi ukafutwa nao. Ikabaki chai peke yake, tena chai rahisi kuliko wanayokunywa London. Nilimtetea mfalme mpaka sauti ikakwaruza. Papa Direkta alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaegemea ule mto wake. Papa Ilunga alinitazama kama mtu anayeona gari lililo chini ya ulinzi wake linaondoka na dereva asiyemjua.

Thandeka ndiye aliyenyoosha mkono. Alisema ana swali, lakini si kwangu. Kwa kuwa Papa Direkta amesoma zaidi yetu, angependa amsikie yeye. Papa Direkta akavuta tai yake, akamruhusu.

“Kama ile chai ilikuwa rahisi, Papa, na ilikuwa nzuri,” Thandeka akasema, “wale watu walikataa nini?”

Alijibu mara moja. Alikuwa mtu wa kujua majibu, na hilo alilijua tangu ujana wake.

“Hawakukataa chai. Mutu mwenye akili hawezi kukataa chai muzuri. Walikataa kupangiwa. Leo mutu anakupangia chai yako bila kukuuliza, ukinyamaza, kesho atakupangia...”

Akanyamaza yeye. Mkono wake ulikuwa umekwisha kupanda kwenye kovu lake, kwa mazoea, kama alivyofanya kila sherehe. Hakuna aliyecheka. Nilimwona akitazama mfuko mtupu wa Mama Furaha, kisha akitazama ubao, kisha mimi. Nilijifanya natafuta chaki. Alisimama, akabeba kiti chake na mto wake, akatoka. Mlangoni alisema tu, “Endelea, Madame.”

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Hakupiga simu hata kuuliza madirisha. Akilini nilipanga nguo zetu kwenye masanduku, nikazipangua, nikazipanga tena. Kisha akaniita. Kibali changu kilikuwa mezani, kimesainiwa kwa nguvu kiasi kwamba kalamu ilikuwa imetoboa karatasi. Aliniambia kwamba nimemfundisha mbele ya watu. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba alijibu mwenyewe. Alinikazia macho, kisha akaanza kucheka kidogo kidogo, kama injini ya zamani inayokubali kuwaka. Alisema baba yake angekuwa hai angempiga fimbo, na angekuwa na haki.

Marufuku ya chupa ikaondolewa. Shemeji alikasirika akarudi Queensburgh na sufuria zake, na nakiri kwamba niliitamani ile iliki. Zaidi ya hapo, Papa Direkta akakubali wanafunzi wachague mjumbe wao aingie kwenye kikao cha walimu. Walimchagua Mama Furaha bila mpinzani. Papa Ilunga alitoa hotuba fupi, akasema sasa jengo hili limekuwa jamhuri. Tukanywa chai ya tangawizi kusherehekea, macho yakatoka machozi, na mengine yalikuwa ya furaha.

Ningependa kuishia hapo. Mwalimu mwenye akili hufunga kitabu watu wakiwa wanapiga makofi. Lakini mmoja wenu aliniomba niandike mambo jinsi yalivyokuwa.

Mama Furaha alikuwa mjumbe mzuri. Alitupatia balbu mpya kwenye ngazi, na aliwakemea walimu wachelewaji, nikiwemo mimi, kwa ukali ambao Papa Direkta hakuwahi kuwa nao. Baada ya muda akapata wazo la usafi. Kule chini kwenye mlango wa ngazi alikuwa anakaa MaDlamini, mama aliyesafisha jengo letu. Alipomaliza kupiga deki alifunua beseni la amagwinya, yale maandazi makubwa ya hapa, akawauzia wapita njia na wanafunzi. Mama Furaha alileta hoja kwenye kikao kwamba biashara kwenye jengo iwe ya wanafunzi waliosajiliwa tu. Alisema ngazi zinajaa mafuta. Hoja ikapita. Mimi pia sikuipinga; nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na ilionekana jambo dogo.

MaDlamini alisogezwa nje, kando ya barabara, ambako polisi wa manispaa hupita. Thandeka alipojua alikuja darasani uso umefunga. Alimuuliza Mama Furaha mbele ya wote kama MaDlamini aliulizwa. Mama Furaha alijibu kwamba hayo ni mambo tofauti. Yeye alipigania nafasi yake. Yule mama alikuwa wapi wakati watu wanakataa chai?

“Alikuwa anapiga deki,” Thandeka akasema. “Ile chai ya shemeji iliyomwagwa, ilimwagwa wapi? Na nani alipangusa?”

Mimi nilifungua kitabu. Tulikuwa tumefika kwenye ukurasa unaosema kwamba baada ya ushindi wa Wamarekani utumwa uliendelea, na ile milima wakaivuka. Niliusoma kwa sauti ya kawaida. Sikuongeza neno. Kuna siku mwalimu anapaswa kuwa na adabu ya kusoma tu.

Siku chache baadaye MaDlamini alipanda ngazi bila ndoo. Alikwenda ofisini na Thandeka kama mkalimani, akauliza mwanafunzi anasajiliwaje. Papa Direkta alidhani anatania. Hakuwa anatania: alitaka kusajiliwa ili auze. Kama sheria inasema mwanafunzi, basi awe mwanafunzi. Papa Direkta alimsajili bila ada, kwa kuwa ni mfanyakazi wa shule, na akamuuliza anataka somo gani. Akasema lile linalopigiwa kelele.

Akaja kwangu. Alivaa kofia ya kanisani, akakaa mstari wa mbele karibu na Mama Furaha kwa sababu ndiyo nafasi pekee iliyokuwepo, na beseni lake akaliweka chini ya dawati, limefunikwa kitambaa cheupe. Tulikuwa tunarudia sura kwa ajili ya mtihani. Safari hiyo sikumsikiliza Mzee Naidoo, nilianza na chai. Nilieleza jinsi watu wa Boston walivyojipaka masizi usoni, wakajifanya wenyeji, wakapanda melini na kuvunja masanduku, wakamwaga chai yote bandarini. Thandeka alimtafsiria taratibu kwa Kizulu. MaDlamini alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kisha akanyoosha mkono. Thandeka aliposikia swali lake alisita kidogo kabla ya kulileta.

“Anauliza,” akasema, “kesho yake asubuhi, nani alisafisha?”

Darasa likacheka. Papa Ilunga akasema ni samaki. MaDlamini hakucheka, alikuwa anasubiri. Nilifungua kitabu, nikatazama juu na chini ya ukurasa, nikamwambia ukweli: kitabu chetu hakikusema, na mimi sikuwahi kuuliza. Akatikisa kichwa kwa namna ya mtu asiyeshangaa, akamwambia Thandeka kitu, na Thandeka akasema basi tuendelee, amepata alichotaka.

Nilipogeuka kuandika ubaoni nikaona kwa pembe ya jicho kwamba Mama Furaha naye hakuwa amecheka.

Kengele ya mapumziko ilipolia, wanafunzi walitoka kwenye korido kama kawaida. Mama Furaha alipanga chupa zake kwenye meza yake ndogo. Kisha akazisogeza, moja baada ya nyingine, mpaka zikagusa ukuta, na pakabaki nafasi ya kutosha beseni. MaDlamini hakushukuru. Alipitisha kidole juu ya ile sehemu ya meza, akakitazama, akaomba kitambaa.